Kutoka drafti hadi sataranji: mazoea yanayompandisha mchezaji mpya upesi

Nilicheza drafti miaka mingi kabla sijaigusa sataranji. Kijiwe chetu kilikuwa chini ya mwembe: ubao wa plaiwudi uliochorwa kwa kalamu ya wino mzito, vifuniko vya soda vya huyu vikitazama juu, vya yule vimelala kifudifudi, na watazamaji sita wanaojua kuliko wachezaji wawili. Nilikuwa si haba. Kwa hiyo siku nilipokaa kwenye sataranji mara ya kwanza nilijipa wiki moja ya kuizoea. Nikafungwa na mtoto wa darasa la sita mara nne mfululizo, na mara zote nne kwa kosa lilelile: niliona kete ya kula, nikala.

Kwenye drafti kula ni lazima. Ukipewa, unakula, hata kama unaona kabisa kwamba umetegwa. Kwenye sataranji kula ni hiari, na hapo ndipo wengi tuliotoka kwenye vifuniko tunapoumia, kwa sababu mkono umeshazoea kwenda wenyewe. Mengi ninayoandika hapa chini ni namna ya kuufundisha mkono usubiri.

Nachukulia kwamba unajua kete zinavyotembea. Kama bado, tovuti ya Lichess ina sehemu ya kujifunzia, ni ya bure, haina matangazo, na jioni moja inatosha. Majina nitakayotumia ni mfalme, malkia, ngome (ile ya pembeni kabisa, wengine huiita mnara), askofu, farasi na askari. Miraba ina majina pia: herufi a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na namba 1 hadi 8 kutoka upande wake kwenda kwa mweusi. Zijue hizi mapema, maana bila jina la mraba huwezi kumweleza mtu gemu lako wala kuliandika.

Hatua ya 1: Ona mtego kwa macho yako mwenyewe

Weka ubao mezani, usisome tu. Tunacheza gemu fupi lenye umri wa karne mbili na zaidi. Mtego wake umebeba jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, mchezaji mashuhuri wa sataranji wa karne hiyo, kule Paris.

Mweupe anasogeza askari hadi e4, mweusi askari hadi e5. Mweupe farasi f3, mweusi askari d6. Mweupe askofu c4, mweusi askofu g4, na sasa farasi wa f3 amebanwa: akiondoka, malkia wa mweupe kule d1 anabaki wazi mbele ya askofu. Mweupe anatoa farasi wa pili hadi c3, mweusi anasogeza askari g6, mwendo wa kivivu usiofanya kazi yoyote ya haraka.

Hapo mweupe anafanya jambo la ajabu. Farasi aliyebanwa anakula askari wa e5 na kumwacha malkia bila ulinzi.

Simama hapo. Wewe ni mweusi. Malkia, kete kubwa kuliko zote, yuko d1 anasubiri kuliwa bure. Mkono wa drafti umeshafika. Ukimla, askofu mweupe anakula askari wa f7 na kumpiga mfalme cheki, yaani anamshambulia moja kwa moja. Mfalme hana pa kwenda ila e7. Kisha farasi wa c3 anaruka d5, na gemu limekwisha. Angalia mwenyewe: d7 inalindwa na farasi wa e5, e6 na e8 zinalindwa na askofu, f6 inalindwa na farasi wa d5, na askofu wa f7 haliwi kwa kuwa farasi wa e5 yuko nyuma yake. Miraba mingine imezibwa na kete za mweusi mwenyewe. Malkia ameliwa na mwenye malkia ndiye aliyeshinda.

Mweusi angesubiri kidogo angeona kwamba afadhali amle farasi wa e5 kwa askari wake. Malkia mweupe angemla askofu wa g4, mweusi angekuwa nyuma kwa askari mmoja, lakini angekuwa hai.

Rudia miendo hiyo mpaka uicheze bila kusoma. Si kwa ajili ya kumtega mtu. Wapinzani wazuri hawaingii. Ni kwa ajili ya kumbukumbu ya mkono: kila utakapoona kete kubwa imeachwa wazi, mwili wako ukumbuke yule malkia wa d1.

Hatua ya 2: Maswali matatu kabla ya kugusa

Hili ndilo zoea lenyewe. Ukichukua moja tu katika mwongozo huu, chukua hili.

Mpinzani akishacheza, kabla hujafikiria mpango wako mzuri, jiulize: *kaenda pale kufanya nini?* Kila mwendo unafungua njia moja na kufunga nyingine. Tazama kete iliyosogea inashambulia nini sasa, halafu tazama kete iliyokuwa nyuma yake inaona nini sasa. Hilo la mwisho ndilo wachezaji wapya hulisahau. Askari anasogea, wewe unamtazama askari, kumbe askofu nyuma yake ndiye aliyefunguliwa mlango.

Swali la pili ni la kwako: *nina cheki gani, nina kete gani ya kula, nina tishio gani?* Kwa mpangilio huohuo. Cheki kwanza kwa sababu zinamlazimisha mpinzani, kula baadaye, kwa sababu mara nyingi nako kunamlazimisha, vitisho mwisho. Huna haja ya kuzicheza. Unazitazama tu, hata zile zinazoonekana za kipumbavu, kwa sababu malkia kujitoa mhanga huonekana upumbavu mpaka uhesabu mwendo unaofuata.

La tatu linakuja ukishachagua mwendo na kabla hujaugusa: *nikiweka hapa, yeye ana cheki gani, atakula nini, atatishia nini?* Yaani unahamia upande wake wa meza kwa sekunde chache. Mwanzoni utaona inachosha. Gemu la kwanza nililocheza kwa maswali yote matatu lilinichukua karibu saa nzima na kichwa kikaniuma. Baada ya wiki chache maswali huacha kuwa maneno, macho yanaenda yenyewe.

Sasa kuhusu mikono. Katika sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, kete yako uliyoigusa kwa nia ya kuicheza lazima uicheze, kama ina mwendo halali. Kijiweni watu hurudisha. "Subiri, sijaachia!" Kataa kurudishiwa, hata ukicheza na mdogo wako nyumbani, na ukalie mikono yako ikibidi. Simu nayo ina balaa lake, kwa kuwa kidole kinateleza kwa wepesi kuliko mkono unavyonyanyua kete ya mbao. Kwenye mipangilio ya Lichess unaweza kuomba kila mwendo uthibitishwe kabla haujaenda. Iwashe kwenye magemu ya polepole.

Wapo wanaoshauri uandike mwendo wako kwenye karatasi kabla ya kuucheza, ili upate nafasi ya kuutazama tena. Nyumbani fanya, inasaidia kweli. Kwenye mashindano rasmi usithubutu, kwa kuwa sheria inataka uucheze kwanza ndipo uuandike.

Hatua ya 3: Hesabu kama muuza duka

Thamani za kete unazijua au utazijua leo: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei. Magemu mengi ya wanaoanza hayaamuliwi na mipango, yanaamuliwa na kete iliyoachwa bila mlinzi. Kwa hiyo kila baada ya miendo michache, zungusha macho ubaoni na utafute kete zisizolindwa na mtu, zako na zake. Zako ziite nyumbani au uzipe mlinzi. Zake ziwekee alama kichwani, maana ndizo zitakazopigwa mbili kwa mpigo baadaye.

Pale kete inaposhambuliwa na kulindwa na wengi, usikisie. Chukua mfano huu. Mpinzani ana askari e5 anayelindwa na farasi wa c6 peke yake. Wewe unamshambulia kwa farasi wa f3 na ngome ya e1. Washambuliaji wawili, mlinzi mmoja. Farasi wako anakula: umepata 1. Farasi wake anakula: umetoa 3. Ngome yako inakula farasi: umepata 3 nyingine. Jumla umepata 4, umetoa 3. Biashara ina faida.

Badilisha kitu kimoja tu: ongeza askari wake kwenye d6, naye analinda e5. Farasi wako anakula, 1. Askari wake anakula, umetoa 3. Ukiendelea kwa ngome unapata askari mwingine, 1, halafu farasi wa c6 anaila ngome yako, umetoa 5. Umenunua vitu vya 2 kwa 8, na ubao unafanana sana na ule wa kwanza. Ndiyo maana nasema hesabu, na hesabu kwa mpangilio wa nani anakula kwanza. Kete ndogo ianze kula, kubwa ibaki nyuma. Ukilazimika kuanza kwa malkia kula kitu kinacholindwa na askari, idadi ya washambuliaji haikusaidii kitu.

Wachezaji wa bao watacheka hapa. Mtu anayejua kupiga hesabu ya kete zitakazozunguka shimo kwa shimo na kujua mkono utalala wapi, hesabu hii ya sataranji ni ndogo kwake. Kama umetoka kwenye bao, una mtaji tayari.

Hatua ya 4: Mwanzo wa gemu, kazi tatu tu

Mtandaoni utakuta video nyingi mno za namna ya kuanza gemu, kila moja na jina lake la kutisha. Ziache kwa sasa. Una kazi tatu: shika katikati kwa askari mmoja au wawili, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme. Kumficha ni ule mwendo wa pekee ambapo mfalme anasogea miraba miwili kuelekea ngome na ngome inamruka ikakaa upande wa pili. Jipe lengo la kuwa umeshamficha kufikia mwendo wa kumi.

Ukiwa mweupe, anza na askari e4, farasi f3, askofu c4, mfiche mfalme. Ukiwa mweusi, akianza na e4 jibu e5. Akianza na d4 jibu d5. Kaa na hizo miezi kadhaa. Anayebadilisha mwanzo kila wiki hukutana na makosa mapya kila wiki na hajifunzi la zamani.

Usimtoe malkia mapema. Anapendeza akiwa katikati ya uwanja, lakini kila askari na farasi wa mpinzani atatoka kwa kumfukuza, na wewe utakuwa unakimbia huku yeye anapanga jeshi.

Kuna mtego mmoja utakaopigwa nao, nina hakika, kwa hiyo ujue dawa yake. Mweupe e4, wewe e5. Yeye askofu c4, wewe farasi c6. Yeye malkia h5. Anatazama f7, mraba unaolindwa na mfalme wako peke yake, na farasi wako akienda f6 kwa haraka ya kumfukuza, malkia anakula f7 na gemu limekwisha kwa miendo minne. Jibu ni askari g6. Malkia akirudi f3 kutishia tena f7, sasa ndipo farasi anaenda f6. Umefunga njia, yeye malkia wake ametangatanga, na wewe uko sawa kabisa. Watoto wa shule wanaupenda mtego huu kupita kiasi.

Hatua ya 5: Mafumbo, dakika kumi na tano kila siku

Fumbo ni picha ya ubao ambapo mmoja ana mwendo wa kushinda, nawe unautafuta. Lichess inatoa bila kikomo na bila malipo, na unaweza kuchagua aina. Anza na aina nne hizi, moja kwa wiki.

*Uma:* kete moja inashambulia mbili kwa mpigo. Bingwa wake ni farasi. Farasi akitua c7 anampiga cheki mfalme wa e8 na wakati huohuo anaitazama ngome ya a8. Mfalme lazima atoke, ngome inaliwa.

*Kubana:* askofu wako b5, farasi wake c6, mfalme wake e8, na d7 iko tupu. Farasi huyo hawezi kusogea. Kete iliyobanwa usiile mara moja. Mletee askari aishambulie.

*Mshikaki:* kinyume cha kubana. Kete kubwa iko mbele, inasogea, ya nyuma inaliwa. Ngome yako inampiga mfalme cheki, mfalme anapisha, malkia aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari huohuo anabaki.

*Kifo cha mstari wa nyuma:* mfalme wake yuko g8, askari wake f7, g7 na h7 wamesimama kama ukuta, ngome yako inaingia e8. Amefungwa na walinzi wake mwenyewe. Ndiyo sababu wachezaji wazoefu humsogeza askari wa h mraba mmoja wakipata nafasi, kumfungulia mfalme dirisha la kupumulia.

Namna ya kufanya mafumbo ina maana kuliko idadi. Usicheze mwendo wa kwanza ukitumaini mfumo utakuonyesha unaofuata. Ona mwisho kichwani, jibu lake na jibu lako, ndipo uguse. Ukikosea, andika namba ya fumbo na ulirudie baada ya wiki. Kumi ulizozielewa zinashinda hamsini ulizobahatisha, na kurudia yaleyale uliyokosa ndiko kunakoyafanya macho yajue umbo bila kufikiri.

Hatua ya 6: Jifunze kumaliza

José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alikuwa na msimamo kwamba mwisho wa gemu usomwe kabla ya mwanzo wake. Nilimpuuza. Kisha siku moja nikawa na malkia na ngome dhidi ya mfalme mtupu, kijiwe kizima kinanisifia, nikamzungushia mfalme yule mpaka akakosa mraba wa kwenda huku hajapigwa cheki. Hiyo ni sare. Mpinzani wangu alisimama akanipa mkono kwa adabu zote, na adabu hiyo iliniuma kuliko tambo.

Kwa hiyo jifunze mambo matatu, kwa kuyacheza dhidi ya kompyuta mpaka huwezi kukosea.

La kwanza, ngome mbili dhidi ya mfalme. Moja inashika mstari, nyingine inampiga cheki kwenye mstari unaofuata, zinapokezana kama mtu anayepanda ngazi. Mfalme akizikaribia, zihamishe upande wa pili wa ubao na uendelee.

La pili, malkia dhidi ya mfalme. Mweke malkia umbali wa ruko la farasi kutoka kwa mfalme wake, kisha umfuate: yeye akisogea, nawe sogea vilevile. Atabanwa hadi pembeni. Akiingia kwenye kona, acha kumfuata mara moja, kwa kuwa mfalme wake akiwa h8 na malkia wako akatua f7, umempa sare, kosa langu lilelile. Akiwa pembeni mwachie miraba miwili ya kwenda na kurudi, mlete mfalme wako karibu, ndipo umalize. Unayo miendo hamsini. Pande zote mbili zikicheza miendo hamsini kila mmoja bila kula kete wala kusogeza askari, mpinzani anaweza kudai sare.

La tatu ni askari mmoja na mfalme dhidi ya mfalme mtupu. Wanaoanza humkimbiza askari mbele na kumwacha mfalme nyuma. Mfalme ndiye atangulie. Mfalme wako akiwa e6, askari wako e5 na mfalme wake e8, unashinda, zamu iwe yako au yake. Isipokuwa askari wa pembeni kabisa, wa a au wa h: huyo ana sheria zake na mara nyingi huishia sare mfalme wa mpinzani akiwahi kona.

Hatua ya 7: Magemu machache, ya polepole

Magemu ya dakika tatu ni matamu kama karanga za kukaanga, huli moja. Nayo hayakufundishi kitu kama maswali matatu ya juu bado hayajaingia damuni, kwa sababu muda wa kuuliza haupo. Cheza ya dakika kumi na tano zenye nyongeza ya sekunde kumi kwa kila mwendo. Mawili kwa siku yanatosha kabisa. Bando likiwa shida, yapo magemu ya mtindo wa barua: mwendo mmoja kwa siku au zaidi, unafungua simu, unafikiri, unajibu, unafunga. Ni darasa zuri mno la subira.

Weka sheria ya kuacha. Yangu ni kwamba nikifungwa mara mbili mfululizo, sichezi tena siku hiyo. La tatu huwa si sataranji, ni hasira. Pointi hushuka usiku wa manane, mtu anapotafuta kurudisha zilizopotea.

Na tafuta binadamu. Kompyuta kwenye kiwango cha chini hucheza vizuri kisha inakupa malkia ghafla, na mtu hakosei hivyo. Mtafute anayekuzidi kidogo, bila kuangalia umri. Kule Katwe, Kampala, Robert Katende alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa wa mabanda kwa kikombe cha uji na ubao wa sataranji. Phiona Mutesi alipofika, aliyemwonyesha kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul, Mutesi alipewa hadhi ya Woman Candidate Master, moja ya vyeo vya FIDE kwa wachezaji wanawake. Nikikumbuka yule wa darasa la sita aliyenifunga mara nne, najua nilipaswa kumwomba la tano, siyo kuaga kwa kisingizio cha giza.

Hatua ya 8: Daftari

Nunua daftari la kawaida la shule. Kila gemu ulilofungwa, andika miendo, au ukicheza kwenye simu liache lijihifadhi, ila chini yake andika kwa mkono wako mstari mmoja: nilifungwa kwa sababu gani. Siyo "alikuwa mzuri". Sababu yenye mraba: "niliacha askofu g5 bila mlinzi", "sikuona ngome yake inaingia e8", "nilikuwa na dakika nane nikacheza kwa sekunde mbili".

Pitia gemu mwenyewe kwanza, bila kompyuta. Tafuta pale ulipoanza kuhisi mambo si mazuri, na ujiulize ungecheza nini badala yake. Ndipo ubonyeze kitufe cha uchambuzi. Stockfish, ile programu inayochambua ndani ya Lichess, itakuonyesha mwendo bora kwa nusu sekunde, lakini haitakuambia kwa nini wewe hukuuona, na hilo ndilo unalolitafuta. Ikikuambia ulikosea kwa sehemu ya kumi ya askari, ipuuze. Tafuta mahali mstari wa alama unapoporomoka ghafla.

Mwisho wa mwezi kaa chini uhesabu. Daftari langu la mwezi wa kwanza lilikuwa na magemu ishirini na tatu niliyofungwa, na kumi na saba yalisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: kete ya bure. Mwanzo wa gemu ulihusika mara moja tu, nao ulikuwa ule mtego wa malkia h5. Kwa hiyo mwezi wa pili sikufungua video hata moja ya namna ya kuanza; nilifanya mafumbo ya uma na kuzungusha macho kutafuta kete zisizo na mlinzi. Wewe daftari lako linaweza kusema mengine. Kama linasema unaishiwa muda, ongeza dakika. Likisema unashinda kete na bado unatoka sare, rudi hatua ya 6 ukae huko wiki mbili. Siku "kete ya bure" itakapokuwa imeandikwa mara mbili tatu tu kwa mwezi, chagua mwanzo mmoja wenye jina la kutisha uanze kuusoma.